Kumkinga mbwa wa nje na baridi ya kipupwe mjini Lubumbashi

Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo kipupwe chake hakifanani na kile cha miji ya pwani. Mwezi wa sita na wa saba anga huwa tupu kabisa; mchana jua huwaka mpaka mtu akavua sweta, lakini likishatua, ardhi hupoteza joto lake upesi kwa kuwa hakuna mawingu ya kulizuia, na kufikia saa kumi na moja alfajiri kipimajoto mara nyingi huwa kimeshuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Sisi wakati huo tumelala ndani, tumejifunika mablanketi mawili. Mbwa wa lupango, yaani wa uani, ambaye tunamtegemea atubwekee mgeni wa saa nane za usiku, yuko nje. Maelekezo haya ni kwa mtu aliye na mbwa wa namna hiyo na anayetaka kumvusha kipupwe akiwa mzima, bila kuugua kwa baridi na, jambo ambalo naliogopa zaidi, bila kuungua wala kufa kwa hewa ya makaa kutokana na msaada wetu wenyewe.

Kibanda cha kwanza nilichomjengea mbwa wangu kilikuwa cha matofali ya kuchoma, kikubwa kama stoo ndogo, chenye sakafu ya saruji, bati juu, na mlango ambao hata mtoto wa miaka kumi angeupita bila kuinama sana. Hakulala humo hata usiku mmoja. Kila alfajiri nilimkuta nyuma ya jiko, juu ya lundo la jivu lililomwagwa kutoka kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, ya jioni, amejikunja kama mkate wa mviringo, pua ameificha chini ya mkia, na manyoya ya ubavu yamegeuka kijivu. Siku moja aliamka akichechemea. Nilipoinua mguu wake wa mbele niliona ngozi ya unyayo imebabuka na kuacha nyama nyekundu yenye ukubwa wa kifungo cha shati, kwa sababu chini ya jivu lile palikuwa na kaa ambalo lilikuwa bado hai. Nilikaa pale nikiwa nimeushika mguu ule, nikalitazama lundo la jivu na kukitazama kibanda changu, na ndipo nilipoelewa kwamba mbwa alikuwa amechagua vizuri kuliko nilivyomchagulia: jivu lilikuwa kavu na laini, halikuwa saruji, na ukuta wa jiko uliukata upepo. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni lile kaa.

Tangu hapo ninaanza na jambo moja kabla ya kugusa msumari. Kibanda hakina joto lake. Mbwa mzima mwenye afya ana joto la mwili la kati ya nyuzi 38 na 39, na joto hilo analizalisha mwenyewe kutokana na chakula alichokula. Kazi ya kibanda ni kulizuia lisiibiwe, na wezi wake wanajulikana: ardhi au saruji inayolinyonya kupitia tumbo, upepo unaopeperusha hewa ya vuguvugu iliyonaswa kati ya manyoya, unyevu unaoyagandisha manyoya hayo yasiweze kunasa hewa tena, na uwazi wa juu unaoruhusu joto kupaa. Mtu akishalikubali hilo, ataacha kutafuta cha kumwashia mbwa, na ataanza kutafuta tundu la kuziba.

Mahali pa kukiweka

Maelekezo mengi yanayosomwa kwenye intaneti yameandikwa na watu wa Kanada, Urusi au Marekani, penye theluji, nayo humshauri mwenye mbwa aelekeze mlango wa kibanda upande wa kusini ili jua liingie. Kwetu ushauri huo ni kinyume. Lubumbashi iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa anga, na upepo mkavu wa kipupwe hutoka zaidi kusini-mashariki. Mlango unaotazama kaskazini, au kaskazini-magharibi, hupokea jua na hapohapo huupa upepo mgongo. Ikiwa nyumba yenu ni ya matofali, kiegemezeni kibanda kwenye ukuta wake wa kaskazini, kwa maana ukuta huo hushinda juani mchana kutwa na huendelea kutoa joto hadi saa mbili au tatu za usiku. Weka kiganja juu yake baada ya chakula cha jioni na utalihisi.

Kuna jambo ambalo vipimo havilisemi. Mbwa wa ulinzi hatalala mahali ambapo haoni geti. Ukimgeuzia mlango akawa anatazama ukuta, atatoka na kulala kwenye mchanga mbele ya geti hata kukiwa na baridi kali, kwa kuwa anaijua kazi yake. Iwapo geti lenu liko upande wa kusini au mashariki, usimlazimishe; geuza kibanda kidogo ili kutoka mlangoni aone njia ya kuingilia, kisha jenga ukuta mfupi wa kukata upepo, wa matofali yaliyopangwa bila udongo au wa mkeka uliofungwa kwenye miti miwili, hatua moja hivi mbele ya mlango huo na kimo cha kibanda chenyewe, ukiacha upenyo upande wa geti.

Ukubwa, sakafu na paa

Hapa ndipo wengi hukosea kwa wema. Tunadhani kibanda kikubwa ni ukarimu, kumbe mbwa mmoja hawezi kuipasha joto hewa ya chumba kizima kwa mwili wake. Mpime mbwa akiwa amesimama: kutoka puani hadi shina la mkia, na kutoka ardhini hadi begani. Nafasi ya kulala iwe ndefu kuliko kipimo cha kwanza kwa robo hivi, iwe na upana wa kumwezesha kujigeuza na kujikunja, na kimo chake kipite bega kwa kiasi cha upana wa kiganja. Mbwa wetu wa kawaida wa mtaani, mwenye bega la sentimita 50 na urefu wa sentimita 75, anatoshwa na nafasi ya sentimita 95 kwa 65, yenye kimo cha sentimita 60. Mlango uwe mdogo zaidi ya vile macho yanavyotaka, yaani robo tatu tu ya kimo cha bega, ili aingie kwa kuinamisha kichwa. Kwa mbwa huyo ni sentimita 38 au 40.

Ukiwa na mbao za kutosha, ongeza sentimita 30 kwenye urefu na ugawanye kibanda kwa kiambaza kifupi ndani, ili mbwa aingie kwanza kwenye kijukumbi kidogo, kisha apinde kona kwenda mahali pa kulala. Upepo haujui kupinda kona. Bao moja la tripleksi, yaani plaiwudi, lenye upana wa sentimita 122 na urefu wa sentimita 244 linatoa sehemu kubwa ya kuta za kibanda cha namna hii, na fundi seremala yeyote wa mitaa yetu ya Katuba au Kenya ataikamilisha kazi hiyo kwa siku moja ukimpa vipimo vilivyoandikwa.

Sakafu inahitaji uangalifu kuliko kuta. Isiguse ardhi hata kidogo. Iinue kwa sentimita 10 hadi 15 juu ya matofali manne au sita, na kwa hapa kwetu kuna sababu mbili za kufanya hivyo, kwa kuwa ubao unaogusa udongo wa Lubumbashi mchwa wataumaliza kabla ya kipupwe kijacho. Kagua chini yake mara moja kwa juma na uvunje kila njia ya udongo ambayo mchwa wameanza kuijenga kwenye matofali. Ziba upande wa kusini-mashariki wa uwazi huo wa chini kwa matofali, ili upepo usipite chini ya tumbo la mbwa, lakini acha upande mmoja wazi pakauke. Kama kibanda tayari ni cha matofali chenye sakafu ya saruji, si lazima kukibomoa. Mimi changu sikukibomoa. Nilitengeneza kitanda cha mbao kilichoinuliwa, nikakiweka kwenye kona ya ndani, nikashusha dari kwa tripleksi, na nikaupunguza mlango kwa matofali hadi ukabaki nusu yake.

Bati peke yake ni paa baya wakati wa kipupwe. Usiku wa anga tupu bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka, na pumzi ya mbwa, ambayo imejaa mvuke, inapoligusa hugeuka maji. Nendeni alfajiri mkaweke mkono ndani ya kibanda chenye bati tupu, mpapase juu: vidole vitatoka vimelowa, na matone hayo ndiyo yanayomdondokea mbwa mgongoni usiku kucha. Weka dari ya mbao au tripleksi chini ya bati, na kati yake ujaze majani makavu yaliyoshindiliwa katika magunia, au maboksi mazito ya katoni yaliyopangwa tabaka tatu. Kuta pia zinafaidika na ujazo wa namna hiyo. Wako wanaotumia povu jeupe linalokuja na friji au televisheni mpya, nalo huzuia baridi vizuri sana, ila ni lazima lifunikwe kwa mbao pande zote mbili, kwa sababu mbwa aliyechoka kukaa atalitafuna, na vipande vyake vinaweza kumziba utumbo. Paa lifungwe kwa bawaba ili lifunuke. Kibanda kisichofunuka hakisafishwi.

Usizibe kila kitu. Toboa matundu mawili ya upana wa kidole gumba, juu kabisa chini ya paa, upande usio na upepo, ili mvuke wa pumzi upate pa kutokea. Mlangoni ning'iniza vipande vya gunia zito au vya mpira wa tairi la ndani la lori, vikipishana kama majani ya mgomba, ambavyo mbwa atavisukuma kwa pua akiingia na akitoka. Turubai la plastiki lililokazwa pande zote silipendekezi. Huukata upepo, ni kweli, lakini hufungia unyevu ndani, na mbwa akishtuka usiku anaweza kunaswa nalo.

Nina onyo moja linalohusu mji wetu hasa. Kwa kuwa tunaishi katikati ya migodi, sokoni kunauzwa mapipa matupu na magunia makubwa yaliyotoka huko, na kwa bei ya kuvutia. Pipa la chuma lililolazwa ubavu linaonekana kama kibanda kilichokwisha tengenezwa. Usimtie mbwa humo. Mapipa mengi ya aina hiyo yalibeba tindikali au dawa za kusafishia madini, na hata baada ya kuoshwa mara tatu mabaki hubaki kwenye mikunjo. Mbwa atayalamba, kwa kuwa mbwa hulamba kila kitu anacholalia. Kisha chuma chenyewe ni baridi usiku na tanuri mchana.

Tandiko

Tandiko ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko kuta, na hapa Mungu ametupa bila malipo kile ambacho wengine wananunua. Majani marefu ya porini, yale yanayosimama kupita kimo cha mtu kandokando ya barabara za kutoka mjini, huwa yamekauka kufikia mwezi wa tano, kabla moto wa nyika haujayapitia. Yakate wakati huo. Yaanike juani siku tatu, ukiyageuza, kisha uyakung'ute vizuri na kukata vichwa vyenye mbegu, maana mbegu zile zina ncha kama mshale na huingia masikioni na katikati ya vidole vya mbwa, zikapenya ngozi na kutunga usaha. Bua tupu ndilo tunalolitaka: lina uwazi ndani, linanasa hewa, na halinywi maji upesi. Jaza hadi sentimita 20 au 25, ili mbwa ajichimbie na kujizungushia kiota, kwa kuwa ndivyo anavyotaka kulala.

Maranda ya seremala nayo yanafaa, hasa yakiwa chini ya majani, lakini chagua yale marefu yaliyojikunja na uache unga wa msumeno, ambao humwingia machoni na puani, na umuulize fundi kama mbao zilipakwa dawa ya kuzuia mchwa. Kuhusu mablanketi wataalamu wa nchi za theluji wanayakataa kabisa, kwa hoja kwamba hunywa unyevu na kuganda. Kwetu, penye hewa kavu, mimi sikatai moja kwa moja. Blanketi la sufu juu ya majani linasaidia, kwa sharti kwamba linatolewa kila asubuhi na kuanikwa hadi saa kumi jioni, na kwamba mbwa wako si mtafunaji. Anayejua kwamba hataweza kulianika kila siku, asianze.

Badilisha majani yote kila baada ya juma mbili, au siku ileile yakilowa. Tandiko la joto hupendwa na viroboto na kupe vilevile. Yale ya zamani yachome mbali na kibanda, siku isiyo na upepo, na ukwangue pembe za sakafu kabla ya kuweka mapya. Tafadhali usinyunyize humo dawa ya bustani ya kuulia wadudu wa kabichi. Imetengenezwa kwa ajili ya majani, na mbwa anayelala juu yake usiku kucha ataivuta na kuilamba hadi imdhuru. Dawa ya viroboto ya mbwa ipo, na daktari wa mifugo atakuambia kipimo kulingana na uzito wake.

Moto

Mbabula isiingie kwenye kibanda, isiwekwe mlangoni, wala isiachwe karibu nacho hata kwa dakika chache. Naliandika hili kwa sababu katika mtaa wetu mlinzi mmoja, mtu mwema aliyempenda mbwa wa tajiri wake, alisogeza mbabula yake hadi kwenye kizingiti cha kibanda ili wote wawili waote. Kufikia alfajiri mbwa alikuwa amekufa bila jeraha lolote, na mlinzi mwenyewe, aliyekuwa ameketi nje penye upepo, aliumwa kichwa siku nzima. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huishika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Ukiona makaa yamekuwa mekundu na hayatoi moshi, usidhani yamekuwa salama, maana hewa hiyo inaendelea kutoka. Kibanda kidogo kama tulichokipima hujaa haraka, na anayeivuta husinzia kwanza, asipate hata nafasi ya kuogopa. Tena majani makavu yanahitaji cheche moja tu.

Taa za joto zinazotumika kwa vifaranga, nyingi zikiwa za wati 250, nazo sizipendekezi kwa mbwa wa nje. Mbwa huruka, hutikisa mkia, hutafuna waya. Na umeme wetu ukikatika na kurudi kwa nguvu saa tisa za usiku, hakuna aliye macho kuona balbu ilipopasuka juu ya tandiko. Fikiria pia mbwa aliyezoea kulala chini ya taa, kisha umeme ukakatika siku tatu mfululizo.

Ukihitaji kuongeza joto katika usiku mkali, tumia maji. Bidoni, yaani dumu la plastiki, la lita 5 lenye mfuniko mzuri, lililojazwa maji ya moto na kuvikwa gunia au sweta kuukuu lililofungwa kwa kamba fupi, hukaa na uvuguvugu kwa saa kadhaa. Maji yasiwe ya kuchemka. Baada ya kulivika, liegemeze kwenye upande wa ndani wa kigasha chako na uhesabu hadi sitini. Kama huwezi kuvumilia, mbwa naye ataungua. Liweke upande mmoja wa kibanda, si katikati, ili akiona joto limezidi apate pa kusogea. Wanaotaka njia rahisi zaidi wajaze bidoni la manjano la lita 20, waliache juani tangu asubuhi, na kuliingiza kwenye kijukumbi jua linapotua, likiwa limesimama upande unaotoka upepo. Halitampasha sana, lakini litapoa polepole kuliko hewa, na halimdhuru mtu.

Jivu la jikoni limwagiwe maji kabla ya kutupwa. Unyayo wa mbwa wangu ulichukua zaidi ya juma mbili kupona.

Chakula na maji

Mbwa anayelala nje kwenye baridi huchoma chakula kingi zaidi kuliko kawaida, na bukari, yaani ugali, mtupu hautoshi. Mchanganyie ndagala (dagaa), utumbo uliochemshwa au unga wa soya, na kijiko cha mafuta, na umpe sehemu kubwa ya mlo wake jioni, kwa sababu usagaji wa chakula wenyewe huzalisha joto wakati analihitaji. Ndagala wenye chumvi nyingi waloweke kwanza na kumwaga maji. Kitunguu na kitunguu saumu vinamdhuru damu, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kuwa vipande vyenye ncha, basi masalio ya sahani zetu yachambuliwe. Mpapase mbavu kila Jumapili: unapaswa kuzihisi chini ya vidole bila kuziona kwa macho. Zikianza kuonekana, ongeza chakula kabla ya kuongeza blanketi.

Maji husahaulika kipupwe kwa kuwa mbwa haonekani kuhema. Hewa ya miezi hii ni kavu na yenye vumbi, naye hupoteza maji kwa kila pumzi. Mpe maji safi mara mbili kwa siku, ya vuguvugu asubuhi ikiwezekana, katika chombo kizito kisichopinduka, na kiwe nje ya kibanda ili tandiko lisilowe.

Ambao hawafai kulala nje

Watoto wa mbwa katika majuma ya kwanza hawawezi kujitengenezea joto la kutosha, nao hutegemea tumbo la mama na mahali palipo na vuguvugu la kama nyuzi 30 katika juma la kwanza. Mama akizaa mwezi wa sita, mwingizeni stoo au jikoni pamoja nao mpaka wawe wanatembea vizuri, hata kama kwenu mbwa haingii ndani. Mbwa mzee, mbwa aliyekonda, anayepona ugonjwa, na mwenye manyoya mafupi sana yaliyolala kwenye ngozi, nao wanahitaji paa la nyumba katika usiku ule mbaya wa Julai. Sweta la zamani lililokatwa mikono linaweza kumsaidia mzee wa namna hiyo, likiwa kavu, bila vifungo vya kumezeka, na asilivae akiwa amefungwa mnyororo.

Kuhusu mnyororo, jambo ni fupi: mbwa aliyefungwa usiku anaweza kuuzungusha kwenye mti mpaka asikifikie kibanda chake, na akabaki hapo hadi asubuhi. Mfungue usiku ndani ya ua uliofungwa. Kama haiwezekani, ng'oa kila kigingi na jiwe linaloweza kuunasa mnyororo kati yake na mlango.

Akishapigwa na baridi

Dalili ya kwanza ni kutetemeka, na kutetemeka kwenyewe kunaonyesha mwili bado unapambana. Mbaya zaidi ni pale anapoacha kutetemeka huku masikio na nyayo zikiwa baridi, ufizi umepauka, hatua zake zinayumba na hajali jina lake likiitwa. Kipimajoto cha kawaida kilichopakwa mafuta, kikiingizwa taratibu katika njia ya haja kubwa, kitasema ukweli: chini ya nyuzi 37 ni onyo, na chini ya 35 ni hatari inayohitaji daktari bila kungoja kuche.

Mwingize ndani, mfute hadi ngozi ikauke, mfunike kwa blanketi kavu, na uweke chupa za maji ya vuguvugu zilizovikwa kitambaa kando ya kifua na tumbo, si miguuni. Usimsugue miguu kwa nguvu, usimsogeze kwenye mbabula kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi haihisi kuungua, na usimpe pombe. Mtoto wa mbwa aliyepoa asinyweshwe maziwa kabla hajapata joto, kwani tumbo lake haliwezi kuyasaga. Mpake tone la maji ya sukari kwenye ufizi ikiwa anaweza kumeza, na umshikilie kifuani chini ya nguo zako mnapokwenda kwa daktari. Mji wetu una Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo mwenye elimu hiyo si mtu wa kutafutwa mbali. Tafuteni namba ya daktari mwezi wa tano, muiandike ukutani jikoni.

Ukaguzi wa kila siku

Ingiza mkono ndani ya tandiko alfajiri, mara tu mbwa anapotoka, hadi vidole viguse sakafu. Juu pawe na uvuguvugu wake, na chini pawe pakavu. Chini pakiwa na unyevu, tafuta kama ni dari inayodondosha, mkojo au maji yaliyomwagika, na usiongeze majani juu ya majani yaliyolowa. Tandiko likiwa baridi kabisa, hakulala humo; mfuate uone alikolala, na pale alipolala patakuonyesha kasoro ya kibanda. Mbwa asiyetaka kuingia asisukumwe. Weka ndani kitambaa chenye harufu yake, mpe chakula cha jioni mlangoni kwa siku tatu nne, kisha ndani.

Mwishoni mwa Agosti anza kuyapunguza yote haya. Kufikia Septemba na Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30, na kibanda kilichozibwa vizuri huwa mtego. Ondoa vipande vya gunia mlangoni, toa majani yote, funua paa na uache jua liingie ndani siku mbili nzima, kisha kisogeze kibanda chini ya mwembe kabla ya joto la Oktoba, ukikagua tena matofali ya chini kama mchwa hawajapanda.